Mama Yangu wa Kambo Alikuwa Guruguru

Mama yangu wa kambo aliletwa kwenye kiroba cha mbolea, siku ya tatu ya matanga ya mama yangu mzazi, mguu mmoja wa nyuma ukiwa umefungwa kamba ya katani. Aliyemleta alikuwa jirani yetu pale Makanyagio, fundi baiskeli, Mnyamwezi. Sisi ni Wafipa, kwa hiyo alikuwa mtani wetu, na asiyejua utani atasema mtu yule alistahili kupigwa mawe. Lakini kazi ya mtani msibani ndiyo hiyo. Anaingia katikati ya kilio, anafanya upuuzi wake, wafiwa wanacheka bila kutaka, na hakuna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika umeshindwa, na habari zako zitapanda treni zifike Tabora kabla yako.

"Mtani," alimwambia baba mbele ya wanaume wote waliokaa kwenye mikeka, "kwa sura hiyo, hapa Mpanda hupati mwanamke wa pili. Nimekuonea huruma. Huyu hapa mke. Hapigi kelele, haombi kitenge, na ngozi yake haichuji."

Akafungua kiroba, akatoka guruguru.

Kwa asiyemjua, guruguru ni mjusi mnene wa kukaa kwenye vichuguu na mawe, urefu wake kama mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya vidole. Huyu alikuwa na rangi ya udongo na magamba magumu yaliyopangwa kwa mistari, kama mtu aliyejifunga mkeka. Wanawake walipiga yowe ambalo hata marehemu hakulipata siku ya mazishi. Shangazi yangu, dada yake baba, mama wa watu mwenye kilo zake, aliparamia benchi la kanisani tuliloazima, nalo likavunjika. Mimi nilitoka jikoni na mwiko mkononi, na Mungu anisamehe, sikukusudia kumpiga mjusi. Nilikusudia kumpiga mtani.

Baba alikuwa hajasema neno kwa siku tatu. Alimtazama yule mnyama, akamtazama mtani, akasema kwa sauti iliyokauka, "Ana mapaja mazuri kuliko dada zako."

Uwanja mzima ulicheka. Baba mwenyewe hakucheka, lakini kamba ya katani aliipokea. Kitu ukipewa na mtani hukirudishi, na baba alikuwa na kiburi cha kutosha cha kuishi na mjusi kuliko kumpa Mnyamwezi ushindi.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, mvua zikikaribia. Matanga yalipoanuliwa ndugu wakarudi Sumbawanga, wakaniachia sufuria nyeusi na mzee mmoja. Nilikuwa nimeachana na mume kule Inyonga mwaka uliopita, kwa hiyo nilipohamia kwa baba na cherehani yangu sikuwa na mtu wa kumuaga. Nikaweka cherehani kibarazani, nikaanza kushona sare za shule na magauni ya kipaimara.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba baba hali.

Simaanishi kula kidogo. Hali kabisa. Nilimpikia ugali wa mahindi, nikampikia wa ulezi, nikampikia wali kama kwamba kila siku ni Krismasi. Nilipiga magoti, nikamnawisha mikono, nikaweka sahani juu ya stuli, nikaondoka kwa adabu kama nilivyofundishwa. Nikirudi, chakula kipo vilevile, na juu yake inzi wanakula kwa niaba yake. "Nimeshiba, mama," ananiambia. Aliniita mama kwa sababu nilirithi jina la mama yake. Umeshiba nini, baba? Hewa?

Alikuwa gadi wa treni miaka yote ya kazi yake, mtu wa tumbo na sauti. Suruali zake nilizishona mwenyewe tangu nijifunze kazi, kiuno inchi thelathini na sita. Mwezi wa kwanza baada ya msiba nilipunguza hadi thelathini na nne. Wiki tatu baadaye nikapunguza hadi thelathini na mbili, na nilipokuwa nikizungusha tepu nilishika mifupa ya nyonga yake kwa vidole vyangu. Niliogopa. Nilikuwa nimemzika mzazi mmoja na udongo wake ulikuwa haujashuka bado. Nilimpeleka hospitali, daktari akampima kila mahali, akasema mzee hana ugonjwa, apewe chakula anachokipenda. Nikasema asante, nikarudi nyumbani nikalia juu ya kitambaa cha mteja.

Nikafikiri labda anakosa wenzake. Wanaume wa kwetu hula pamoja, na mla peke yake watu humwangalia vibaya. Nikamwita mtani aje ale naye. Alikuja mbio, watu wa namna hiyo hawahitaji kuitwa mara mbili. Walikaa saa nzima, baba akimsimulia jinsi ng'ombe wa Wasukuma walivyowahi kusimamisha treni karibu na Kaliua, huku mtani akitafuna. Nilipokwenda kutoa vyombo, sahani ilikuwa nyeupe. Nikashangilia moyoni. Kumbe!

"Amekula?" nikamnong'oneza mtani.

"Nani, mzee? Hajagusa. Ila dada, mkono wako mzuri. Kesho unapika nini?"

Mjusi muda wote huo alikuwa amefungwa kwenye mguu wa kinu nyuma ya jiko. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu jembe angelishikia wapi? Nilikuwa nangoja afe au akate kamba, lolote litakalotangulia. Alikata kamba.

Siku hiyo nilikuwa napinda sketi ya sare, baba kakaa na sahani yake mbele, ugali na dagaa wa Karema waliokaangwa na nyanya. Nikaona kitu cha udongo kinakuja kwa kujikokota, tumbo chini, kikapita kati ya ndala za baba. Stuli ilikuwa fupi. Mnyama akasimama kwa miguu ya mbele kwenye ukingo, bila hodi wala samahani, akachomoa dagaa kwenye upande wa baba, upande uleule wa mkono wake wa kulia.

"We!" baba alifoka. "Wewe ni mtu wa namna gani?"

Mjusi akameza. Akachukua mwingine. Baba akaisogeza sahani karibu yake haraka, jinsi mtu anavyolinda chake, akakata tonge, akachovya, akala. Cherehani yangu ilitoka kwenye upindo ikaenda kushona hewa. Alikula matonge manne. Niliyahesabu kama mpumbavu, machozi yananitoka, mguu unaendelea kukanyaga pedeli.

Kuanzia siku hiyo nikawa mpishi wa wawili. Mtani aliposikia alipata wazimu wa furaha, akatangaza kuanzia stesheni hadi sokoni kwamba mzee amemkubali bi mdogo. Nami nikaanza kumwita mama wa kambo, maana kama ni kumtumikia nilimtumikia kuliko mama wa kambo yeyote anavyotumikiwa.

Chakula chake nilikijua kwa makosa. Dagaa wa chumvi walimfanya anywe maji bakuli zima na kulala kama mlevi, ikabidi niwe nawaloweka kwanza. Ugali aliulamba, akaniangalia, akaenda zake. Mayai mabichi aliyapenda mno, na baba akataka lake lichemshwe, kwa hiyo kuku wangu wawili wakaanza kutaga kwa ajili ya mapenzi ya watu wengine. Papai lililoiva, maua ya maboga, panzi, mende wa jikoni ambao sikusikitika kuwatoa. Kilichokuwa na harufu kali hakukigusa, na kitunguu kilimtia hasira hata akapiga mkia kwenye stuli. Mvua zilipoanza, kumbikumbi walipotoka ardhini alfajiri, nilikuwa nje na ndoo pamoja na watoto wote wa mtaa. Nyumbani niliwagawa mafungu mawili. Fungu la baba nililikaanga kwa chumvi, fungu la mama wa kambo likabaki bichi na mbawa zake. Walikaa ana kwa ana, mmoja anatafuna kwa kelele na mwingine anameza kimyakimya, na baba akimkaripia, "Taratibu, hakuna anayekufukuza."

Kufikia Januari, kiuno kikarudi thelathini na nne. Nilifumua mshono niliouweka mwenyewe, nikiimba.

Sasa nyumba. Baba alisema mnyama ajengewe sanduku la mninga, lenye wavu juu, upande mmoja jua na upande mmoja kivuli, na ndani udongo wa kuchimba. Mninga! Mbao ambayo watu wanatengenezea vitanda vya maarusi. Nikasema mjusi hawezi kulala kwenye mbao nisiyolalia mimi. Nikatafuta dukani sanduku la chai, lile la mbao nyepesi kama biskuti, nikaona nimemaliza. Kwa akili zangu nyingi nikaongeza ujanja. Guruguru anaishi kichuguuni na anakula mchwa, si ndiyo? Basi nikachukua jembe, nikabomoa kichuguu kizima nyuma ya stesheni, nikajaza sanduku udongo ule na mchwa wake hai ndani. Nyumba na chakula kwa pamoja, sitahangaika tena. Nilijisifu mpaka kwenye bomba la maji.

Baba alisema, "Mama, hao mchwa unajua wanakula nini?"

Nikasema mjusi atawala wao kwanza.

Alikula baadhi. Waliobaki wakala sanduku. Wiki ya pili nililinyanyua nilifagilie chini, nikabaki na mfuniko mkononi, kila kitu kingine kimebaki sakafuni kama uji. Mchwa hawakuishia hapo. Walipanda ukutani, wakaingia kwenye meza yangu ya kukatia, wakatoboa bando la kitambaa cha kola nililoagiza Tabora, na karatasi zangu zote za vipimo wakazifanya chekeche. Mama wa kambo alikuwa amekaa katikati ya magofu, ameshiba, macho nusu.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema baba, na siku hiyo alicheka kicheko chake cha zamani, kile cha kwenye breki, behewa la gadi mkiani mwa treni, hadi akakohoa. Nilimchukia kwa dakika mbili hivi. Kisha nikaenda kutafuta mninga.

Mtani alijenga sanduku la pili, akilalamika kwamba hajawahi kuona mkwe anayejengewa nyumba na aliyemwoza. Pembe za mninga, wavu wa banda la kuku, mlango wa kuteremka, na ndani kipande cha taruma la zamani la reli, la kujifichia. Udongo huu nilikuwa nimeukaanga kwanza kwenye karai. Lilikaa kibarazani, upande wa asubuhi, mita moja kutoka kwenye cherehani yangu. Saa ya chakula baba alifungua mlango, na mgeni wake akatoka mwenyewe kuelekea kwenye stuli.

Mtaani maneno hayakukosekana. Wanawake bombani walinionya kwamba guruguru akikung'ata haachii mpaka radi ipige. Nikawauliza, akiniuma mwezi wa sita je, nitashona naye hadi Novemba? Katekista naye alifika, kasikia kwamba mzee anaishi na joka. Baba alimkaribisha kiti, akamwonyesha sanduku, akamwambia, "Msalimie mama yako." Katekista alikaa dakika tatu, akasali sala fupi sana, hakurudi mpaka Pasaka.

Nilikuwa na furaha. Nasema wazi kwa sababu baadaye niliifanyia ujinga. Mwezi wa tano baba alikuwa thelathini na sita kamili, ananinung'unikia chumvi, na mimi nilikuwa nimeacha kuamka alfajiri kumsikiliza kama anapumua.

Ndipo baridi ikaja. Mtu asiyeijua Mpanda hudhani kwetu ni joto tu, lakini mwezi wa sita na wa saba asubuhi hutoka mvuke mdomoni. Mama wa kambo alianza kuchelewa kutoka. Akaja stulini siku moja na kuruka siku mbili. Mwishoni akajichimbia chini ya taruma, pakabaki ncha ya mkia tu. Nilimwekea yai, likaoza. Nilimwekea papai, likaliwa na siafu.

Na baba akaacha kula.

"Hana hamu," alisema, akisukuma sahani. "Nami naona sina."

"Baba, yule ni mjusi! Mtani anasema hulala wakati wa baridi, ndivyo walivyo, ataamka mwezi wa tisa."

"Basi tutaonana mwezi wa tisa."

Nilidhani ni mzaha. Wiki mbili baadaye tepu ilisoma thelathini na tatu, na safari hii ilikuwa mbaya zaidi, maana mtu wa umri ule akikonda mara ya pili hakondi nyama, anakonda nguvu. Alianza kushika ukuta akienda chooni. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye ngazi, amesahau alikuwa anakwenda wapi. Mwezi wa tisa ulikuwa mbali kama Ulaya.

Nikaamua kumwamsha yule mnyama kwa nguvu. Nilimwekea chupa za maji ya moto zilizofungwa kanga. Nilimwekea matofali niliyoyachoma motoni. Ncha ya mkia ilisogea kidogo, kisha ikatulia. Nikaangalia pasi yangu. Ile ya mkaa, nzito, yenye jogoo wa chuma kwenye kifungio. Nikaijaza makaa yaliyokolea, nikaiweka juu ya kigae mle ndani ya sanduku, nikafunga mlango joto lisitoke. Nilimwambia mama wa kambo, "Leo utakula utake usitake." Kisha akaja mteja wa gauni la harusi, nikaingia ndani kumpima kifua.

Nilikuwa nimesahau kwamba juu ya ule udongo nilikuwa nimemtandikia nyasi kavu. Kwa ajili ya baridi, jamani. Mimi mwenyewe.

Kelele za baba ndizo zilizonitoa. Sanduku lilikuwa linafuka moshi mweusi, na baba, mzee wa kushika ukuta, alikuwa amepiga magoti anang'oa kile kifungio cha waya kwa mikono mitupu. Mtani aliruka ua na karai la maji machafu ya kuloweka viraka vya tairi, akammwagia baba, sanduku na pasi kwa pamoja. Mlango ukaanguka. Guruguru akatoka.

Alikuwa ameamka, hilo nililifanikisha. Alivuka uwanja kwa mbio ambazo sikujua anazo, akapita kwenye ndoo, akapita chini ya ua, akaingia kwenye lundo la matofali ya jirani wa pili, maelfu ya matofali yaliyokuwa yakingoja kujengewa nyumba tangu enzi na enzi. Akapotea.

Baba alikwenda pale akiwa amelowa. Vidole vyake viwili vilikuwa vimeungua. Aliinama mbele ya matofali akaita, "Njoo. Njoo, basi," mpaka nikashindwa kumtazama. Jioni alipeleka sahani yake huko, akaiweka chini, akangoja. Siku ya pili vilevile. Hakuniambia neno baya hata moja, na hilo ndilo lililoniumiza. Angenitukana ningepumua.

Siku ya tano nilimfuata mtani. "Mlete mwingine," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyemwoza mzee."

Alipanda baiskeli akaenda upande wa Sitalike, akarudi kesho yake na kiroba. Guruguru wa rangi ileile, unene uleule, hasira zaidi kidogo. Nililifuta sanduku masizi, nikamfunga kamba, nikamwambia baba kwa furaha ya uongo, "Baba! Karudi! Nimemkuta kwenye matofali!"

Baba alikuja taratibu. Aliinama akamchungulia. Akanyoosha ule mgongo wake uliobaki mifupa.

"Mama," akasema, "nimekaa na mama yako miaka thelathini na mbili. Unafikiri mtu akinibadilishia mke sitajua?" Kisha akamgeukia mtani. "Mrudishe kwao. Huyu ana watu wake."

Mtani alivua kofia yake. Alimbeba yule mnyama akaondoka, kofia mkononi.

Mchana ule nilipika kama kawaida. Ugali, na dagaa wa Karema, wa mwisho kwenye kopo. Nilipiga magoti, nikamnawisha, zile bandeji za vidole nikazikwepa. Nikaweka sahani. Baba akasema, "Nimeshiba, mama," akaisukuma.

Kitu kilikatika ndani yangu. Nilipaswa kuinuka na kuondoka, na badala yake nikabaki palepale chini na kumpigia baba yangu kelele, mimi mtoto wa kike, mchana kweupe, majirani wote wakisikia.

"Umeshiba nini? Unataka kumfuata nani? Mjusi amekwenda, mama amekwenda, mimi je? Mimi siko hapa? Nimekupikia miezi tisa! Nimechoma moto nyumba ya watu kwa ajili yako! Ukifa mimi nibaki na nani, na mtani? Kama hutaki basi nitakula mimi!"

Kwetu binti mzima hapeleki mkono kwenye sahani ya baba yake. Haijawahi kusemwa na mtu kwa sababu hakuna aliyewahi kuhitaji kuambiwa. Mimi niliupeleka, hata sikuwa nimenawa. Nikachomoa dagaa upande wake, nikatia mdomoni, nikachomoa mwingine, machozi na kamasi vyote vinashuka, nikatafuna nikimkodolea macho.

Baba aliangalia pale nilipochomoa, upande wake.

"Mama yako naye alikuwa hivyohivyo," akasema. "Anaanza na upande wangu. Wake anauacha mzima."

Sikuelewa kwanza. Kisha nikaukumbuka mlango wa chumba chao. Tulipokuwa wadogo ulifungwa saa ya chakula, na tuliambiwa baba ni mtu mkubwa wa reli, anapenda kula kwa utulivu. Mama aliingia na birika la kumnawisha, hakutoka hadi sahani imeisha, na alipotoka alikuwa anajifuta mdomo kwa ncha ya khanga. Tulikula chetu jikoni na kumwonea huruma kwamba yeye hakai kula na sisi, kutwa kumtumikia mume.

"Siku zote?" nikauliza.

"Siku zote. Alisema jikoni mnamchelewesha." Akaangalia ule mlango wa chumba, uliofungwa, kisha akaangalia mkono wangu uliokuwa bado juu ya sahani. "Na alikuwa ananawa."

Nikavuta birika, nikanawa. Niliporudisha mkono alikuwa ameshakata tonge, na sahani ameivutia kwake, dagaa wote wako upande wake. Nikaingiza mkono hukohuko. Akanipiga kofi mkononi, kidogo, kwa vidole visivyoungua.

"Bakiza, wewe."

Sikubakiza. Tulikula tukigombana mpaka yakabaki makombo na dagaa mmoja katikati, mkubwa, mwenye kichwa chake. Nilinyoosha mkono, naye akanyoosha. Akanitangulia.